Sid James: Alianguka jukwaani, watu wakadhani ni mzaha

Hebu jiweke ndani ya ukumbi huu. Ni Jumatatu usiku, Aprili 26, 1976, katika mji wa Sunderland, kaskazini mashariki mwa Uingereza. Umelipa tiketi, umekaa kwenye kiti chako pale Empire Theatre, na umekuja kwa sababu moja tu. Unataka kumwona mzee mmoja mwenye uso uliokunjamana kama gunia akicheka kile kicheko chake.

Mchezo unaitwa The Mating Season, na huu ndio usiku wake wa kwanza hapo. Pazia limefunguliwa muda mfupi tu uliopita. Mzee ameketi kwenye sofa. Mwigizaji mwenzake, Olga Lowe, anamrushia maneno, na mzee hajibu. Kichwa kimelala. Olga anadhani anachezewa, kwa hivyo anaongeza maneno ya kubuni ili kumwamsha. Kimya. Wewe na wenzako mnacheka. Nyuma ya jukwaa wanaagiza pazia lishushwe, kisha watazamaji wanaulizwa kama kuna daktari kati yao. Mnacheka hata zaidi, kwa sababu ni nani asiyejua utani wa huyu mzee?

Lakini safari hii hakukuwa na utani. Moyo ulikuwa umemsaliti. Sid James alikufa usiku huo akiwa na miaka 62, zikiwa zimebaki siku 12 atimize 63.

Wacha nikusimulie maisha ya huyu jamaa. Pengine hujawahi kusikia jina lake, na sikulaumu, maana filamu zake ni za enzi za babu zetu. Lakini kama unapenda vichekesho, hasa vile vya mafumbo ya chumbani ambavyo unafunga haraka mama akiingia sebuleni, basi huyu ni mmoja wa wazee waliolima hilo shamba. Na kuna swali moja nataka tutembee nalo: watu wakikupenda kwa sababu unawachekesha, je, wanakuona wewe, au wanaona kile kicheko tu?

Tuanze mwanzo. Kila Mwingereza aliamini Sid ni mtoto wa mitaa ya London. Kumbe ni mzaliwa wa bara letu. Alizaliwa Mei 8, 1913, Johannesburg, Afrika Kusini, katika mtaa wa Hillbrow, kwenye barabara iitwayo Hancock. Shika hilo jina la barabara, tutalirudia. Wazazi wake walikuwa Wayahudi, watu wa majukwaa ya burudani, na jina walilompa ni Solomon Joel Cohen. Hilo la Sid James lilikuja baadaye, kama vile wasanii wa leo wanavyojibatiza.

Baadaye alipenda kuwasimulia watu kwamba ujanani alikuwa bondia, mara mkata almasi. Ukiutazama ule uso ungeamini kabisa. Ukweli ni kwamba alikuwa msusi. Ndiyo, msusi wa nywele za akina mama. Mwaka 1936 alioa mke wake wa kwanza, na baba mkwe, mtu mwenye uwezo, akawanunulia saluni Johannesburg. Mambo yakawa yamenyooka: mke, mtoto, biashara. Halafu jamaa akatangaza kwamba anataka kuwa mwigizaji. Akajiunga na kundi la maigizo la Johannesburg Repertory Players, na saluni ikabaki na wenyewe.

Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo najua ile sura wazazi wanayokuonyesha ukiwaletea habari kama hizo. Lakini usikimbilie kumfanya Sid shujaa. Ndoa hiyo ilivunjika mwaka 1940, na sababu kubwa ilikuwa yeye mwenyewe, kwa kupenda wanawake wengine. Ya pili nayo ilikuja kuvunjika. Mwaka 1952 alimwoa Valerie Ashton, naye mwigizaji, na hiyo ya tatu ndiyo iliyodumu hadi kifo.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa luteni katika jeshi la Afrika Kusini, kwenye kikosi cha kuwaburudisha wanajeshi. Vita vilipoisha alichukua pesa za kuagwa jeshini, akapanda meli, na kufika Uingereza siku ya Krismasi mwaka 1946. Alikuwa na miaka 33. Hakuwa kijana tena na hakuwa mzuri wa sura. Uso ule ukageuka mtaji. Waongozaji walipotafuta jambazi, mlevi, dereva wa teksi au mwenye baa, walimwita Sid. Kufikia 1947 tayari alikuwa kwenye filamu, na mwaka 1951 alicheza jambazi katika The Lavender Hill Mob akiwa na Alec Guinness, filamu iliyoshinda Oscar kwa uandishi wake.

Kisha kikaja kile kilichompeleka sebuleni mwa kila mtu. Mwaka 1954 redio ya BBC ilianzisha kipindi cha Hancock's Half Hour, cha mchekeshaji Tony Hancock. Unaona? Mtoto wa barabara ya Hancock akaja kupata jina kwa mtu anayeitwa Hancock. Tony alikuwa mtu wa kujiona, wa ndoto kubwa na mfuko mtupu. Sid alikuwa rafiki mjanja anayemuuzia kila aina ya utapeli. Kipindi kikahamia televisheni mwaka 1956 na kikapendwa sana. Lakini Hancock akaanza kuogopa kwamba watu wanawaona wawili hao kama pacha, akaamua kuendelea bila Sid mwaka 1960. Jambo hilo lilimuuma Sid, kwa sababu alimpenda yule bwana.

Mlango mmoja ukafungwa, mwingine ukafunguliwa mwaka huohuo. Na hapa ndipo hadithi yenyewe ilipo.

Kulikuwa na watu wawili, mtayarishaji Peter Rogers na mwongozaji Gerald Thomas, waliokuwa wakitengeneza filamu za vichekesho katika studio za Pinewood, nje kidogo ya London. Ya kwanza ilitoka mwaka 1958, ikaitwa Carry On Sergeant. Watu waliipenda, wakatengeneza nyingine, na nyingine, mpaka zikafika 30 kwa miaka 20. Ya 31 iliongezwa mwaka 1992. Karibu kila jina lilianza na Carry On, yaani endelea. Nao waliendelea kweli kweli. Filamu moja ilipigwa kwa wiki chache tu, kwa bajeti ya kubana, na mara nyingi wakati mwigizaji anamaliza moja, nyingine inaandikwa.

Sid aliingia na Carry On Constable mwaka 1960, na akaendelea kucheza katika 19 kati yake, hadi Carry On Dick mwaka 1974.

Zilikuwa filamu za aina gani? Nitakuwa mkweli: za kipuuzi. Muuguzi anainama, mgonjwa anatoa macho. Mtu anataja matunda, na wewe unajua hazungumzii matunda. Suruali inapasuka. Kila sentensi ina maana mbili, moja ya mbele ya kasisi na nyingine ya nyuma ya jengo. Waingereza walikuwa na kadi za posta zilizouzwa kwenye miji ya ufukweni, zenye michoro ya wanawake wanene, waume wadogo na mafumbo ya aibu. Bingwa wa kuzichora aliitwa Donald McGill, na mwaka 1954 alishtakiwa mjini Lincoln na kupatikana na hatia kwa ajili ya michoro hiyo. Sasa fikiria: ndani ya miaka michache utani uleule ukawa unatembea na kuongea kwenye skrini kubwa, na familia nzima imekaa inatafuna peremende.

Iliwezekanaje? Kwa ujanja wa nusu. Bodi ya kukagua filamu ilitazama kila mstari, na Rogers alijua kwamba akipewa daraja la watu wazima pekee amepoteza nusu ya wateja. Kwa hivyo filamu haikusema tusi. Ilikuachia wewe ulimalizie kichwani. Mtoto alicheka kwa sababu mtu ameanguka matopeni, baba akacheka kwa sababu nyingine kabisa, na mama akajifanya hajaelewa. Mkaguzi angefanya nini? Huwezi kukata kitu kilichomo kichwani mwa mtazamaji.

Na kicheko cha Sid ndicho kilikuwa ufunguo. Kilikuwa cha kukwaruza, cha kooni, kama mkokoteni unaopanda mlima. Hata kama neno lilikuwa safi, Sid akilicheka limechafuka. Alikuwa anamkonyeza mtazamaji bila kukonyeza.

Wakosoaji wa magazeti walizidharau. Kwao ilikuwa kazi ya bei rahisi, utani uliochakaa, aibu kwa sinema ya Uingereza. Watu wa kawaida hawakujali. Mwaka 1964 ilitoka Carry On Cleo, iliyoicheza shere ile Cleopatra ya Elizabeth Taylor iliyogharimu mamilioni. Wale wa Cleopatra walianza kazi Uingereza, wakahamia Roma, wakaacha majumba ya mbao na mavazi Pinewood. Rogers akayaokota. Sid akawa Mark Antony, Kenneth Williams akawa Kaisari, na Amanda Barrie akawa malkia. Hata bango lao liliiga lile la wakubwa, mpaka likaleta kesi na ikabidi liondolewe. Watu walijaa kumbini.

Kisha ikaja Carry On Camping mwaka 1969. Sid na rafiki yake wanawapeleka wapenzi wao kambini wakidhani ni kambi ya watu wanaotembea uchi. Wakifika wanakuta ni shamba la kawaida lenye matope. Hiyo ndiyo filamu ya lile tukio maarufu la Barbara Windsor akifanya mazoezi ya viungo na sidiria ya kuogelea ikaruka. Hadithi ni ya kiangazi, lakini walipiga picha Oktoba na Novemba, kwenye baridi kali, na ikabidi matope na majani yapuliziwe rangi ya kijani. Wasichana wa shule kwenye hadithi hiyo walichezwa na wanawake wazima. Windsor mwenyewe alikuwa na miaka 31, na Sid anayemfukuzia 55. Filamu hiyo ndiyo iliyoongoza kwa mapato katika kumbi za Uingereza mwaka huo.

Leo ukiitazama utakunja uso mahali. Mimi nilikunja. Mzee wa miaka 55 anakodolea macho wanafunzi, hata kama ni wa kuigiza? Ila angalia pia mwisho wake. Wasichana wanaondoka na vijana wenye nywele ndefu, na Sid anabaki na mpenzi wake wa siku zote. Ndivyo ilivyokuwa karibu kila mara. Katika Carry On Cabby ya mwaka 1963 ana kampuni ya teksi na anamsahau mkewe, aliyechezwa na Hattie Jacques. Mke anafungua kampuni yake ya siri yenye madereva wanawake watupu na kumnyang'anya wateja wote. Ukumbi mzima ulikuwa unamcheka Sid. Nadhani hiyo ni sababu moja ya wanawake kujaa humo pamoja na waume zao. Alikuwa mume wa kila mtu, yule anayetamani sana na hapati kitu.

Iko moja siwezi kuitetea. Mwaka 1970 walitoa Carry On Up the Jungle. Sid ni mwindaji mzungu, na Afrika yenyewe ni mimea iliyopangwa ndani ya studio Pinewood. Bernard Bresslaw, Mwingereza mweupe, amepakwa rangi nyeusi acheze kiongozi wa wapagazi. Kati ya mastaa wote pale, mtu aliyezaliwa na kukulia Afrika alikuwa Sid. Alijua wazi kwamba Johannesburg haifanani na ule upuuzi. Alichukua mshahara, akacheka kicheko chake, akaenda nyumbani. Hiyo nayo ni sehemu ya maisha yake, na sitaifunika.

Tuongee mshahara basi. Utadhani mtu anayejaza kumbi namna hiyo alikuwa tajiri wa kutupwa. La. Mastaa wa kiume kama Sid walilipwa takriban pauni 5,000 kwa filamu, wanawake karibu nusu ya hiyo. Na hakukuwa na asilimia. Filamu ikirudiwa mara mia kwenye televisheni, mwigizaji hapati hata senti. Mei 1967 Sid alipatwa na mshtuko mkubwa wa moyo. Filamu ya wakati huo, Follow That Camel, ilifanywa bila yeye, na mgeni kutoka Marekani, Phil Silvers, akaletwa kuongoza kwa takriban pauni 30,000. Mara sita ya mshahara wa Sid! Haikupendwa kama zile zake.

Mwaka huohuo Sid akarudi kazini, katika Carry On Doctor, na wakampa nafasi ya mgonjwa hospitalini ili aigize amelala kitandani. Ucheke au ulie? Mtu ametoka kuugua kweli, anaigiza mgonjwa, na watu wanakufa kwa kicheko.

Kwa nini hakupumzika? Pesa. Sid alikuwa mcheza kamari mkubwa, na alikuwa mbaya kwenye hiyo kamari. Valerie ndiye aliyeshika mfuko wa nyumba, kwa hivyo jamaa alipanga na ajenti wake sehemu ya malipo ifichwe ili mke asijue, na hiyo ikaenda moja kwa moja kwenye farasi na karata. Wewe unayejua mtu anayefuta ujumbe wa kampuni za kamari kwenye simu kabla ya kuingia nyumbani, hadithi hii huhitaji kufafanuliwa. Ongeza na uhusiano wake wa siri na Barbara Windsor miaka ya 1970, ambao Barbara mwenyewe alikuja kuusimulia. Uliisha kabla Sid hajafa, na ulimwacha amevunjika moyo.

Sasa tazama maajabu. Miaka hiyohiyo, kuanzia 1971, Sid alikuwa kwenye televisheni kila juma katika Bless This House, akicheza baba wa familia mwenye mke mmoja, watoto wawili na kelele nyingi. Taifa zima lilimchukua kama baba yao. Mzee wa mafumbo na baba wa nyumbani walikuwa mtu mmoja, na hakuna mtazamaji aliyeona ugumu wowote. Yeye ndiye aliyekuwa akiubeba huo ugumu, kwa moyo uliokwisha kuonya.

Ndipo tunarudi Sunderland. Watu wale hawakuwa wakatili. Walikuwa wamefundishwa kwa miaka mingi, na aliyewafundisha ni yeye, kwamba Sid akianguka unacheka, Sid akinyamaza unacheka, Sid akilala kitandani hospitalini unacheka. Siku alipohitaji wamwamini, hakuwa na ishara nyingine ya kuwapa. Alichomwa kwenye tanuri la Golders Green, London. Na kwa miaka mingi baadaye waigizaji wameendelea kusimuliana kwamba mzuka wake upo pale Empire, kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Hata huko hawajamwachia apumzike.

Filamu za Carry On hazikukaa sana bila yeye. Carry On England ilitoka baadaye mwaka huohuo wa 1976, na Carry On Emmannuelle mwaka 1978. Wakati huo sheria zilikuwa zimelegea, kwa hivyo wakaamua kuonyesha wazi kile walichokuwa wakikificha. Unadhani watu walijaa? Walikimbia. Ukishaonyeshwa kila kitu, mzaha unakosa pa kukaa. Na hakukuwa na kile kicheko cha kukukonyeza.

Heshima ilikuja polepole. Mwaka 1999 Taasisi ya Filamu ya Uingereza ilitoa orodha ya filamu 100 bora za nchi hiyo katika karne ya 20, na Carry On Up the Khyber ya mwaka 1968, ambayo Sid anacheza gavana wa kikoloni nchini India iliyopigwa picha kwenye milima ya Wales, ikashika nafasi ya 99. Ya pili kutoka mkiani, lakini imo. Sid alikuwa ameshakufa miaka 23.

Ukitaka kumjua, usianze na zile za msituni. Anza na Carry On Cabby, ambayo ina hadithi ya maana na mke anayejua anachofanya. Halafu Cleo, halafu Khyber. Tazama jinsi anavyomsubiri mwenzake amalize, jinsi anavyojua sekunde ya kucheka. Ni kazi ngumu ile, na aliifanya akiwa na deni, na mgonjwa, na kwa pauni 5,000.

Na kama una rafiki ambaye ndiye kichekesho cha kundi lenu, yule ambaye mkikaa naye hamkauki machozi ya kucheka, mpigie simu leo. Usimwambie akuchekeshe. Muulize tu anaendeleaje, halafu subiri ajibu.